Bajeti wakati wa dhiki: Yale ambayo Taita Taveta imejifunza kuhusu maridhiano

Kila mwaka, ifikapo Juni 30, mabunge ya kaunti zote 47 nchini Kenya hutakiwa yawe yameidhinisha makadirio ya matumizi ya fedha ya mwaka unaoanza siku inayofuata. Mapato yanapokuwa mazuri, kazi hiyo hupita kwa mabishano ya kawaida. Uchumi unapodorora, kila shilingi hugombaniwa, na mara nyingine ugomvi huo husimamisha huduma za umma kwa miezi kadhaa.

Kaunti ya Taita Taveta imeonja hali zote mbili katika kipindi cha miezi isiyozidi 18. Mwaka wa 2019, gavana na wawakilishi wadi walishindwa kuelewana kuhusu bajeti hadi kukawa na jitihada za kuivunja serikali nzima ya kaunti. Mwaka uliofuata, janga la korona lilipokuwa limeuangusha uchumi wa nchi, kaunti hiyo hiyo ilinusurika kupunguziwa mgao baada ya maseneta wa pande pinzani kukubaliana.

Matukio hayo mawili yanaeleza, pengine kuliko hotuba yoyote, jinsi bajeti ya pande mbili inavyoundwa wakati wa dhiki, na gharama inayolipwa inapokosekana.

Mwananchi wa kawaida hulitazama jambo hili akiwa mbali. Wadi ya Mata, katika eneobunge la Taveta, iko pembezoni mwa kaunti, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania. Upande mmoja kuna Mbuga ya Tsavo Magharibi na upande mwingine kuna Ziwa Jipe, ambalo maji yake yamegawanywa na mpaka huo. Wakazi wa sehemu hizi huishi kwa kilimo, ufugaji, uvuvi na biashara ndogo ndogo. Mahitaji yao kwa serikali ya kaunti yanajulikana: maji, barabara za mashambani, dawa katika zahanati na shule za chekechea. Yote hayo ni majukumu ambayo Katiba ya 2010 iliyakabidhi kaunti. Yote hukwama bajeti inapokwama.

Fedha zinatoka wapi

Ili kuelewa chanzo cha mivutano, ni vyema kwanza kufahamu mfuko unaogombaniwa.

Taita Taveta ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 17,000, lakini zaidi ya nusu ya ardhi hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Mbuga hizo husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), na ada za watalii zimekuwa zikikusanywa na shirika hilo. Kwa miaka mingi viongozi wa kaunti hiyo, wa kila chama, wamekuwa wakidai sehemu ya mapato hayo. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kaunti ina watu 340,671, idadi ndogo ikilinganishwa na kaunti nyingi.

Kutokana na hali hiyo, mapato ambayo kaunti hujikusanyia yenyewe kutokana na ada za masoko, leseni za biashara, maegesho na ushuru wa mazao ni sehemu ndogo ya bajeti. Sehemu kubwa hutoka Nairobi kama mgao wa usawa unaotolewa chini ya Kifungu cha 202 cha Katiba. Katika mwaka wa kifedha wa 2019/2020, mgao huo ulikuwa takriban Sh4.24 bilioni.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti itengewe maendeleo. Kanuni za 2015 nazo zinaweka kikomo cha asilimia 35 ya mapato kwa mishahara na marupurupu ya wafanyakazi wa kaunti, kikomo ambacho kaunti nyingi zimeshindwa kukizingatia.

Asilimia 30 ya Sh4.24 bilioni ni takriban Sh1.27 bilioni. Kama fedha hizo zote zingegawanywa sawa kwa wadi 20 za Taita Taveta, kila wadi, ikiwemo Mata, ingepata karibu Sh63 milioni. Hata hivyo, zikigawanywa hivyo hapangebaki hata senti moja kwa miradi isiyo ya wadi moja, kama vile upanuzi wa Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, ambayo hupokea wagonjwa kutoka kila pembe ya kaunti, au mradi wa maji unaovuka wadi tatu au nne.

Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa. Mwakilishi wadi huchaguliwa na watu wa wadi yake, na baada ya miaka mitano huulizwa ni kisima gani alichochimba. Gavana huchaguliwa na kaunti nzima, naye huulizwa kuhusu hospitali, barabara kuu za kaunti na mishahara ya wafanyakazi. Kila mmoja ana hoja ya haki, na mfuko ni ule ule.

Safari ya bajeti

Sheria imeweka kalenda ambayo, ikifuatwa, huwapa wahusika karibu mwaka mzima wa kujadiliana.

Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mwisho wa Septemba hutayarishwa ripoti ya kutathmini matumizi ya mwaka uliotangulia. Kufikia Februari 28, waziri wa fedha wa kaunti huwasilisha taarifa ya mikakati ya kifedha, ambayo huweka viwango vya juu ambavyo kila idara inaweza kutumia. Aprili 30 ni siku ya mwisho ya kuwasilisha makadirio yenyewe, na Juni 30 ni siku ya mwisho ya kuyaidhinisha.

Bunge la kaunti lina mamlaka ya kuyafanyia mabadiliko makadirio hayo, lakini kwa sharti moja kuu. Likiongeza fedha mahali fulani, ni lazima lipunguze kiasi hicho hicho mahali pengine. Haliruhusiwi kuongeza matumizi huku likifumbia macho mapato.

Gavana naye akipokea mswada ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha bungeni pamoja na maelezo ya kasoro alizoziona. Bunge linaweza kuyakubali maoni yake au kuupitisha mswada tena bila kuyazingatia, mradi liungwe mkono na thuluthi mbili ya wanachama. Baada ya hapo gavana ana siku saba, na zikipita bila saini yake, mswada huhesabiwa kuwa sheria.

Iwapo mwaka mpya wa kifedha utaanza kabla mswada haujawa sheria, Msimamizi wa Bajeti anaweza kuruhusu kaunti itumie hadi nusu ya fedha zilizo katika makadirio ili huduma zisisimame. Hiyo ni nafuu ya muda tu.

Mgogoro wa 2019

Taita Taveta ilijikuta katika njia hiyo yenye miiba katikati ya 2019. Gavana Granton Samboja, aliyechaguliwa mwaka wa 2017 kwa tiketi ya chama cha Wiper, alikataa kutia saini bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti linaloketi Wundanyi. Alilalamika kwamba wawakilishi wadi walikuwa wamebadilisha makadirio na kuelekeza fedha nyingi mno katika maendeleo ya wadi, kiasi cha kuzikosesha idara za serikali yake uwezo wa kufanya kazi. Wawakilishi wadi, kwa upande wao, walishikilia kwamba wananchi wa mashinani walikuwa wamesahauliwa na kwamba bunge lilikuwa limetumia mamlaka yake ya kisheria.

Gavana alianzisha harakati za kukusanya saini za wapigakura akitaka serikali ya kaunti ivunjwe. Kifungu cha 192 cha Katiba kinamruhusu Rais kusimamisha serikali ya kaunti kukiwa na dharura itokanayo na mzozo wa ndani au vita, au katika hali nyingine zisizo za kawaida. Sheria ya Serikali za Kaunti inataka ombi la aina hiyo liungwe mkono na angalau asilimia 10 ya wapigakura waliosajiliwa katika kaunti. Kabla ya Rais kuchukua hatua, ni lazima tume huru ichunguze madai na Seneti iidhinishe.

Wawakilishi wadi walijibu kwa kupiga kura ya kumtimua gavana mnamo Oktoba 2019. Suala hilo lilipelekwa katika Seneti, ambako kamati maalumu ya maseneta 11 iliamua kwamba madai dhidi yake hayakuwa yamethibitishwa. Bw Samboja akabaki ofisini, na wawakilishi wadi wakabaki bungeni. Kwa maneno mengine, baada ya miezi ya vita, pande zote mbili zilirudi pale pale zilipoanzia, zikilazimika kufanya kazi pamoja.

Haikuwa mara ya kwanza kwa mzozo wa bajeti kufika mbali hivyo. Katika kaunti ya Makueni, uhasama kati ya Gavana Kivutha Kibwana na bunge la kaunti ulisababisha makabiliano mnamo Septemba 2014 ambapo watu kadhaa walijeruhiwa kwa risasi. Tume iliyoongozwa na wakili Mohamed Nyaoga ilipendekeza serikali ya kaunti hiyo isimamishwe, lakini mwaka wa 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa pendekezo hilo.

Kwa hivyo hakuna kaunti iliyowahi kuponea katika mlango huo wa Kifungu cha 192. Makueni na Taita Taveta zilionyesha kwamba njia ya kuvunja serikali ni ndefu, ina gharama, na mwisho wake huwarudisha wahusika kwenye meza ile ile ya mazungumzo.

Korona na mfumo wa ugavi

Kabla majeraha ya 2019 hayajapona, uchumi wa nchi ulipata pigo. Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini Machi 2020. Serikali ilitangaza kafyu, na mwezi Aprili ikapunguza ushuru wa bidhaa (VAT) kutoka asilimia 16 hadi 14 pamoja na kodi ya mapato ili kuwapunguzia wananchi mzigo. Hatua hizo zilisaidia familia, lakini zilipunguza makusanyo ya hazina. Mwaka huo uchumi wa Kenya ulinywea kwa asilimia 0.3, kulingana na takwimu za Shirika la Takwimu la Taifa (KNBS).

Taita Taveta iliguswa mahali penye maumivu zaidi. Watalii walitoweka Tsavo. Mnamo Mei 2020, Rais Kenyatta alitangaza kufungwa kwa mpaka wa Kenya na Tanzania isipokuwa kwa magari ya mizigo, hatua iliyowaumiza wafanyabiashara wa Taveta ambao riziki yao hutegemea wanunuzi na wauzaji kutoka pande zote mbili za mpaka.

Wakati huo huo Seneti ilikuwa ikijadili mfumo wa tatu wa kugawa mapato baina ya kaunti. Mfumo wa pili uliotumika hadi wakati huo ulizingatia idadi ya watu kwa asilimia 45, mgao sawa kwa kila kaunti asilimia 26, umaskini asilimia 18, ukubwa wa ardhi asilimia 8, juhudi za kukusanya mapato asilimia 2 na maendeleo asilimia 1.

Mapendekezo mapya yangeziongezea fedha kaunti zenye watu wengi na kuzipunguzia kaunti nyingi za Pwani na Kaskazini Mashariki, Taita Taveta ikiwa miongoni mwao. Kwa kuwa jumla ya fedha za kaunti ilikuwa imebaki Sh316.5 bilioni, sawa na mwaka uliotangulia, faida ya kaunti moja ilikuwa hasara ya nyingine.

Mgawanyiko uliotokea haukufuata mipaka ya vyama. Maseneta wa Jubilee na wa upinzani waliungana katika kundi lililojiita Team Kenya na kukataa kaunti yoyote ipunguziwe. Johnes Mwaruma, Seneta wa Taita Taveta kutoka chama cha ODM, alikuwa upande mmoja na maseneta ambao katika masuala mengine walikuwa mahasimu wake. Vikao viliahirishwa mara kadhaa bila uamuzi. Mnamo Agosti 2020, maseneta watatu, Cleophas Malala, Christopher Langat na Steve Lelegwe, walikamatwa na polisi, jambo lililozidisha joto la kisiasa.

Kaunti zilikuwa zimeingia katika mwaka mpya wa kifedha bila mgao. Baraza la Magavana, chini ya mwenyekiti wake Wycliffe Oparanya, lilitangaza kwamba shughuli za kaunti zingesimamishwa kuanzia Septemba 17.

Muafaka ulivyopatikana

Siku hiyo hiyo ya Septemba 17, 2020, Seneti ilifikia uamuzi. Kamati ya maseneta 12, iliyoongozwa kwa pamoja na Moses Wetang'ula na Johnson Sakaja, ilikuwa imetayarisha maridhiano yenye nguzo tatu.

Nguzo ya kwanza ilikuwa muda. Katika mwaka wa 2020/2021, fedha zingegawanywa kwa mfumo wa zamani, na mfumo mpya ungeanza kutumika mwaka uliofuata. Hakuna kaunti iliyopoteza fedha katikati ya janga.

Nguzo ya pili ilikuwa kuongeza ukubwa wa mfuko. Rais Kenyatta na kiongozi wa ODM Raila Odinga walikubaliana kwamba mgao wa kaunti uongezwe kwa angalau Sh50 bilioni. Mwaka wa 2021/2022 ulipofika, jumla ilipanda hadi Sh370 bilioni.

Nguzo ya tatu, ambayo haikuzungumziwa sana, ilikuwa kinga. Nusu ya Sh316.5 bilioni iliendelea kugawanywa kwa uwiano wa zamani, na kiasi kilichosalia ndicho kilichogawanywa kwa mfumo mpya. Hivyo kaunti zilizodai haki ya idadi ya watu zilipata nyongeza, na zile zilizohofia kupunguziwa zilibaki na msingi wao.

Matokeo kwa Taita Taveta yalionekana katika takwimu. Mgao wake ulipanda kutoka takriban Sh4.24 bilioni hadi takriban Sh4.84 bilioni katika mwaka wa 2021/2022.

Muafaka huo ulikuwa na dosari zake. Ulitegemea ahadi ya fedha za mwaka ujao wakati hazina ilikuwa imekauka, na ulikuja baada ya kaunti kukaa miezi miwili na nusu zikisubiri. Hata hivyo, ulimpa kila seneta kitu cha kuwaonyesha watu wake bila kumlazimu mwenzake arudi nyumbani mikono mitupu.

Tofauti ni nini

Ukilinganisha 2019 na 2020, utaona kwamba fedha zilikuwa haba zaidi katika mwaka ambao maelewano yalipatikana. Uhaba pekee basi hauelezi kwa nini bajeti hukwama.

Wundanyi, mjadala ulihusu nani mwenye mamlaka ya kuamua. Kila upande ulikuwa na kifungu cha sheria cha kuushikilia, na mmoja kushinda kulimaanisha mwingine kuaibika. Nairobi, mjadala uliishia kuwa juu ya kanuni: ni kipimo gani kitumike, kianze lini, na nani akingwe. Kanuni inaweza kupimwa kwa hesabu na kupunguzwa makali kidogo kidogo. Heshima ya mtu haigawanyiki hivyo.

Somo hilo lilipata uzito zaidi baada ya uchaguzi wa Agosti 2022, ambapo Andrew Mwadime alichaguliwa kuwa Gavana wa Taita Taveta akiwa mgombea huru. Gavana asiye na chama hana wawakilishi wadi wa kumtetea kwa sababu ya chama. Kila kura ya bajeti humlazimu kutafuta uungwaji mkono wadi kwa wadi.

Kitaifa pia, mtihani ulirudi mwaka wa 2024. Baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto aliuondoa Mswada wa Fedha mnamo Juni 26 mwaka huo, na mapato mapya yaliyokuwa yametarajiwa yakatoweka. Mgao wa kaunti uliokuwa umeidhinishwa kuwa Sh400 bilioni ukawa wa kwanza kulengwa. Bunge la Taifa lilitaka Sh380 bilioni, Seneti ikang'ang'ania Sh400 bilioni, na mwishowe kamati ya upatanishi ikakubaliana kuhusu Sh387.425 bilioni. Wakati huo wote, kaunti ziliendesha shughuli bila kujua kwa hakika zina kiasi gani.

Nafasi ya mwananchi

Kwa mkazi wa Mata, Voi au Mwatate, kuna mambo matatu ya kufuatilia kila mwaka kabla mivutano haijafika kwenye vyombo vya habari.

La kwanza ni taarifa ya mikakati ya kifedha ya Februari. Viwango vya matumizi vinavyowekwa humo ndivyo huamua ni kiasi gani kitaenda wadini na kiasi gani kitabaki kwa miradi ya kaunti nzima. Anayesubiri hadi Juni huwa amechelewa.

La pili ni makadirio ya mapato ya ndani. Gavana na bunge wakitaka kuepuka ugomvi, njia rahisi ni kuandika kwamba kaunti itakusanya fedha nyingi kuliko ilivyowahi kukusanya. Kila mmoja hupata mradi wake kwenye karatasi. Fedha zisipopatikana, miradi husimama nusu na wanakandarasi hubaki wakidai. Hayo ni maelewano ya uongo, na ni hatari zaidi wakati uchumi umedorora. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hutolewa kila robo mwaka, huonyesha tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichokusanywa.

La tatu ni vikao vya kukusanya maoni ya umma, ambavyo Katiba na sheria zimevifanya kuwa vya lazima, pamoja na jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti ambamo wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, wazee, watu wenye ulemavu na makundi ya kidini wana viti. Mwananchi anayeuliza huko ni mradi upi utakaoahirishwa endapo mapato yatapungua huwalazimisha viongozi kupanga mapema nani asubiri na kwa muda gani.

Waswahili husema wagombanao ndio wapatanao. Katika masuala ya bajeti methali hiyo ina kweli, lakini ina bei pia. Katika kila mwezi wa kugombana, kuna zahanati isiyopata dawa na bomba la maji lisilofika kijijini. Walio mbali na makao ya kaunti, kama wakazi wa kandokando ya Ziwa Jipe, ndio wa mwisho kufikiwa fedha zinapotoka, na wa kwanza kukosa zinapozuiliwa.